Kodi ya Moshi na Wajibu wa Serikali: Jawabu ya Swali la Nahodha

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Siku moja baada ya sala ya laasiri, katika baraza ya madrasa yetu, nahodha mmoja katika watu wa darsa alinikabili akaniuliza: "Maalim, nimesikia kuwa wakubwa wa nchi za Afrika walikutana Nairobi mwaka 2023, wakataka ulimwengu mzima utoze kodi juu ya moshi wa mafuta, na wa meli, na wa ndege. Je, hii siyo makusi uliyotufundisha kuwa ni haramu?"

Nikamwambia: "Nipe muhula, nahodha." Kwa hakika swali lake lilinichoma. Miaka mingi nilipofika mlango wa makusi nilikuwa nikiupita mbio. Nikisema kila kitozwacho kisichokuwa zaka wala kharaji ni dhuluma, kisha nikigeuza ukurasa. Basi nikarejea katika vitabu, nikawauliza na waliosoma ilimu ya hewa na hesabu, nikatambua kuwa somo langu lilikuwa pungufu. Waraka huu ni jawabu yake nahodha, na ni kusahihisha kosa langu mbele ya wanafunzi wangu.

MLANGO WA KWANZA: Moshi huu ni nini, na madhara yake ni yapi

Jueni, ndugu zangu, kuwa moshi unaokusudiwa si ule mweusi uonekanao ukitoka katika dohani. Ni hewa isiyo rangi wala harufu, iitwayo hewa ya ukaa, itokayo kila kinapochomwa kitu chenye ukaa ndani yake: makaa ya mawe, mafuta, gesi, na kuni. Lita moja ya petroli, ambayo uzito wake haufiki kilo moja, ikichomwa hutoa hewa hiyo kiasi cha kilo 2.3. Mtu atauliza: kilo zilizozidi zimetoka wapi? Jawabu: ukaa uliomo katika mafuta hushikana na oksijeni iliyomo katika hewa tuivutayo, na uzito wa oksijeni ndio uliozidisha.

Hewa hii huzuia joto la ardhi lisipande juu kwenda zake, mfano wa shuka iliyofunika kitanda. Na jambo hili si uzushi wa jana. Mwaka 1896 mtaalamu wa Sweden aliyeitwa Svante Arrhenius alipiga hesabu akaonyesha kuwa kuongezeka kwa hewa ya ukaa kutazidisha joto la dunia. Tangu mwaka 1958 hewa hii imekuwa ikipimwa juu ya mlima wa Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii. Kabla ya zama za viwanda ilikuwa kiasi cha sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo imepita 420. Na mwaka 2024 ulikuwa na joto kupita miaka yote iliyotangulia kupimwa.

Ama bahari, hiyo hupanda kwa sababu mbili: maji yakipata joto hutanuka, na barafu ya nchi kavu huyeyuka ikamiminika baharini. Tangu mwaka 1901 hata 2018 bahari za dunia zilipanda kiasi cha sentimita 20. Wala wavuvi wetu hawana haja ya kufunzwa khabari za joto la maji. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto jingi, na matumbawe mengi ya pwani za Kenya na Tanzania yakawa meupe, kisha yakafa. Na tumbawe likifa, samaki waliokuwa wakikaa humo huhama au hupungua. Basi haya ni madhara yaliyofika, si ya kuotea.

MLANGO WA PILI: Kwa nini jambo hili ni la serikali

Huenda mtu akasema: "Na kila mmoja ajizuie mwenyewe, serikali ina nini?" Jawabu yake ni hii. Madhara ya moshi wa mtu mmoja ni madogo hata hayaonekani, na faida yake anaipata yeye peke yake papo hapo. Madhara huwaangukia wote, na aghalabu humwangukia aliye mbali, au mtoto ambaye hajazaliwa. Hali ikiwa hivi, mwema atajizuia na mwovu hatajizuia, na moshi utabaki pale pale. Arthur Pigou, mtaalamu wa uchumi wa Uingereza, aliyaeleza madhara ya namna hii katika kitabu alichokitoa mwaka 1920. Alisema kuwa mwenye kufanya biashara yenye kumdhuru asiyekuwamo katika biashara hiyo hatambui gharama yake yote, na dawa ni serikali kumtoza kiasi cha madhara hayo.

Na sisi tunayo hadithi ya watu wa jahazi, ambayo hakuna mwanafunzi asiyeijua: waliokuwa tabaka ya chini walitaka kutoboa upande wao ili wapate maji bila ya kuwaudhi walio juu. Laiti wangaliachwa, wote wangaliangamia. Nahodha wangu aelewa zaidi yangu kuwa chomboni hakuna "upande wangu". Na mwenye kushika mikono ya watoboao ni nani, ikiwa si mwenye amri?

Maulamaa wetu wa madhehebu ya Shafi wameweka kaida mbili zitutoshazo hapa. Ya kwanza: madhara huondolewa. Ya pili: matendo ya mtawala juu ya raia hufungamana na maslaha yao, si kwa apendavyo. Tukiziweka pamoja, natija yake ni kuwa mtawala aonaye madhara ya umma, naye ana uwezo wa kuyaondoa, kisha akanyamaza, ameacha lililo wajibu wake.

Na walimwengu pia wameanza kusema neno hili. Tarehe 23 Julai 2025, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague ilitoa rai yake, baada ya kuombwa na Umoja wa Mataifa kwa juhudi za visiwa vidogo vya Vanuatu. Ikasema kuwa dola zina wajibu wa kisheria wa kulinda tabia ya nchi na madhara ya hewa hizi, na kuwa dola yenye kuuvunja wajibu huo imefanya kosa katika sheria za mataifa. Rai hiyo si hukumu ya kesi baina ya mshtaki na mshtakiwa, lakini uzito wake si haba.

MLANGO WA TATU: Makusi, na kodi iliyo ya haki

Makusi yaliyoharimishwa ni mali anayochukua mwenye nguvu kwa watu bila ya haki, akaitia mfukoni mwake au akaila na wasaidizi wake. Hilo halina khitilafu. Lakini si kila kitozwacho ni hivyo.

Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra, yaani 1111, alijuzisha mtawala kuwawekea matajiri wadhifa wa kutoa mali, pindi hazina ikiwa tupu na umma ukiwa katika khatari, kwa kiasi cha haja. Alikuwa akisema juu ya jeshi na kulinda nchi. Nasi twakisia, kwani bahari ikila mji ni kama adui aliyeuvamia.

Kisha kuna khabari ya Sheikh Izzuddin bin Abdissalam. Baada ya Baghdadi kuanguka mikononi mwa Watatari mwaka 1258, mtawala wa Misri, Qutuz, alitaka kuwatoza watu mali ya kupigania. Sheikh akamjibu kuwa yafaa, lakini kwa sharti: kwanza hazina iwe haina kitu, na maamiri watoe dhahabu na mapambo yao yauzwe, kila mmoja abaki na farasi wake na silaha yake, wawe sawasawa na watu wote. Hapo ndipo raia wataombwa. Haya yalikuwa kabla ya vita vya Ain Jalut vya mwaka 1260.

Tazameni, ndugu, hekima iliyomo. Sheikh hakusema kodi ni haramu, wala hakumpa mtawala ruhusa iliyo wazi kama mlango usio komeo. Aliuliza: nani atangulie kutoa?

Na kodi ya moshi ina asili nyingine, nayo ni dhamana ya kilichoharibiwa. Katika fikihi yetu kuna mas-ala ya mlizamu. Mwenye nyumba yajuzu kutoa mlizamu wa dari yake uelekee njia ya watu, kwani ni haja yake. Lakini ukimwangukia mpita njia, au ukaharibu mali yake, basi katika kauli mpya ya Imamu Shafi kilichoharibika kina dhamana. Hatukuambiwa kuwa mlizamu ni haramu. Tumeambiwa kuwa ruhusa ya kutumia haimvui mtu dhamana ya madhara. Mas-ala haya nimeyasomesha zaidi ya miaka ishirini, wala haikunipitikia kuwa dohani ya kiwanda na bomba la gari ni milizamu ielekeayo njia ya watu wote. Kuchoma mafuta kwa haja ni halali. Lakini kinachoharibika kwa sababu yake lazima kiwe na mwenye kukilipa.

Basi kutokana na asili hizi mbili tunapata masharti manne ya kodi hii:

La kwanza, haja iwe ya kweli na madhara yawe yamethibiti.
La pili, wakubwa na wenye moshi mwingi watangulie.
La tatu, fakiri asitwishwe asichokiweza, akitozwa, arudishiwe.
La nne, mali iende pale iliposemwa itakwenda, na hesabu yake ionekane na watu.

Ikitimiza haya ni haki. Ikiyakosa, hata ikiitwa jina zuri namna gani, yarejea kuwa makusi.

MLANGO WA NNE: Mizani ya nchi nne

Sasa na tutie katika mizani hii nchi zilizokwisha kuijaribu kodi ya moshi.

Sweden iliianza mwaka 1991, mwaka mmoja baada ya jirani yake Finland. Ilianza kwa krona 250 kwa kila tani ya hewa ya ukaa, ikapandishwa taratibu miaka mingi hata ikapita krona 1,200. Wakati huo huo kodi ya mapato ya watu ilipunguzwa. Watu waliokuwa wakipasha nyumba zao joto kwa mafuta waliacha, wakaungwa na mitambo ya mji ichomayo mabaki ya miti na taka. Moshi wa nchi umepungua kwa zaidi ya robo tangu mwaka 1990, na uchumi wake umezidi kukua. Aibu yake ni kuwa viwanda vilipunguziwa kodi kwa miaka mingi, kwa khofu ya kuhamia nchi nyingine. Hata hivyo Sweden ilifanya jambo lililo adimu kwa watawala: ilikwenda polepole, na haikugeuka.

Jimbo la British Columbia katika Kanada lilianza tarehe 1 Julai 2008, kwa dola 10 kwa tani, ikiongezwa dola 5 kila mwaka hata ikafika 30 mwaka 2012. Sheria yake ilifunga kuwa kila senti ipatikanayo irejeshwe kwa watu, kwa kupunguza kodi nyingine na kuwapa fakiri fungu lao. Wataalamu waliochungua miaka ile ya mwanzo walikadiria kuwa moshi ulipungua baina ya 5 na 15 katika mia ya vile ambavyo ungalikuwa, na uchumi haukudhurika. Kisha mwaka 2017 ile ahadi ya kurudisha kila senti iliondolewa, na kodi ikapanda hata dola 80. Raia aliiona kila ajazapo gari mafuta, lakini alichorudishiwa hakukiona. Tarehe 1 Aprili 2025 kodi hiyo ikaondolewa juu ya mafuta ya watu.

Australia iliianza tarehe 1 Julai 2012, kwa dola 23 kwa tani, ikitozwa wenye viwanda na mitambo mikubwa. Fakiri hawakusahauliwa: kiwango cha mapato kisichotozwa kodi kilipandishwa kutoka dola 6,000 hata 18,200. Basi kwa sharti la pili na la tatu ilikuwa njema. Lakini Waziri Mkuu Julia Gillard alikuwa amewaambia watu kabla ya uchaguzi wa mwaka 2010 kuwa serikali yake haitaleta kodi hiyo. Wapinzani wake hawakuwa na haja ya kubishana juu ya hewa. Iliwatosha kusema: ametudanganya. Mwezi wa Julai 2014 sheria ikafutwa. Jambo la haki likijengwa juu ya ahadi iliyovunjwa halisimami.

Ufaransa ilianza mwaka 2014 kwa yuro 7 kwa tani, ikapanda hata yuro 44.60 mwaka 2018, na azma ilikuwa kuzidi kupanda. Mwaka ule ule wa 2018 kodi ya mali ya matajiri iliondolewa, ikabakishwa juu ya nyumba na ardhi tu. Mtu wa shamba, ambaye hana treni wala basi la kumpeleka kazini, aliona bei ya dizeli yake yapanda, na tajiri apunguziwa. Tarehe 17 Novemba 2018 watu wakatoka njiani wamevaa vizibao vya manjano, na mwezi wa Disemba serikali ikaacha kuipandisha. Zingatieni: Sheikh Izzuddin aliijua khatari hii karne saba na zaidi kabla. Raia hawaombwi ilhali maamiri wamevaa dhahabu, seuze wakiongezwa nyingine.

MLANGO WA TANO: Sisi watu wa pwani

Moshi wa bara zima la Afrika ni yapata 4 katika mia ya moshi utokao kila mwaka kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi duniani. Kwa sharti la pili, basi, Afrika si ya kutangulia kulipa. Na hili ndilo lililosemwa katika Tangazo la Nairobi la Septemba 2023: kuwa ulimwengu uweke kodi juu ya biashara ya mafuta na makaa, na juu ya safari za meli na ndege, ili ipatikane mali ya kazi hii. Mvuvi wa Lamu hulipa kodi ya petroli ya mashine ya mashua yake, na mafuta ya ndege za safari za kimataifa kwa desturi hayatozwi. Kutaka yatozwe ni kutaka maamiri watangulie.

Mtu mwenye akili ataniambia: "Maalim, mchele wetu na ngano yetu huja kwa meli. Meli ikitozwa, bei itapanda kwetu." Naam, hoja hii ni ya kweli, wala siifichi. Ndiyo maana sharti la tatu halina budi: kinachotozwa meli kirejee sehemu yake kwa nchi fakiri zitegemeazo meli hizo. Jambo hili lilifikishwa mbele ya shirika la Umoja wa Mataifa la safari za baharini huko London. Mwezi wa Aprili 2025 mapatano yalikubaliwa kwa mara ya kwanza, lakini Oktoba 2025, yalipotakiwa kupitishwa, yakaakhirishwa mwaka mmoja.

Ama serikali zetu wenyewe, nazo hazikusamehewa mizani. Mwaka 2024, katika mswada wa fedha wa Kenya, ilipendekezwa tozo ya mazingira juu ya bidhaa nyingi, zikiwamo vifaa vya umeme, mipira ya magari, na nepi za watoto. Mswada wote ulikataliwa na vijana waliojaa njiani mwezi wa Juni, na roho za watu zikapotea. Kisha Rais akakataa kuutia sahihi. Waliopinga walikuwa na mengi ya kulalamikia, na tozo hii ilikuwa moja tu katika hayo. Lakini funzo ni lile lile: mzazi anunuaye nepi hawezi kuambiwa atangulie kabla hajaonyeshwa aliye juu yake ametoa nini, na senti yake itakwenda wapi.

Basi, nahodha wangu, jawabu yako ni hii. Kodi ya moshi si makusi kwa asili yake. Serikali yenye uwezo ina wajibu wa kuondoa madhara haya, na kodi ni moja katika njia zake, nayo imepata kufaa ilipofanywa kwa haki. Lakini iwaanze wenye milizamu mikubwa. Nawe ukiona yakuanza wewe na ngalawa ya jirani yako, na kumwacha mwenye ndege na mwenye kiwanda, una haki ya kuuliza, kwa adabu na bila ya khofu: maamiri wameuza mapambo yao?

MUKHTASARI WA KUHIFADHI

1. Hewa ya ukaa imepanda kutoka sehemu 280 hata kupita 420 katika milioni, na madhara yake yamethibiti.
2. Madhara ya wote hayaondolewi na mmoja mmoja. Ni wajibu wa mwenye amri.
3. Ruhusa ya kutumia haiondoi dhamana ya kuharibu: kumbuka mlizamu.
4. Masharti ni manne: haja ya kweli, wakubwa kwanza, fakiri alindwe, hesabu ionekane.
5. Sweden ilifaulu kwa subira. British Columbia ilipotezwa na ahadi iliyoachwa, Australia na ahadi iliyovunjwa, Ufaransa na kuwasamehe matajiri.

Kila mwanafunzi wa madrasa yetu aliyeandika kutoka kwangu kuwa kila kodi ni makusi, na alifute neno hilo, aandike haya mahali pake. Na atakayeona kosa katika niliyoyasema, anijie barazani, namngojea. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.